LUDOVIC KENNEDY: AFISA WA MANOWARI ALIYEKUWA MWANDISHI WA HABARI

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya mwandishi wa habari ni kuandika yale yaliyosemwa na wakubwa, kisha kuyapeleka kupigwa chapa. Hiyo ni kazi, wala si mbaya. Lakini iko kazi nyingine iliyo ngumu zaidi, nayo ni kuuliza kama yale yaliyosemwa ni kweli. Katika maisha ya Ludovic Kennedy wa Uingereza, aliyepigana baharini katika Vita Kuu ya Pili na kisha akashika kalamu kwa zaidi ya miaka 50, msomaji ataona jinsi kazi hiyo ya pili inavyofanywa. Ataona pia jinsi inavyoweza kusafisha jina la mtu ambaye hana tena mdomo wa kujitetea.

Somo hili litaeleza kwanza habari za ujana wake na vita, kisha jinsi alivyoingia katika kazi ya habari, na mwisho shauri moja la uuaji ambalo kwa ajili yake anakumbukwa hata leo.

KUZALIWA KWAKE NA KISA CHA BABA YAKE

Ludovic Kennedy alizaliwa Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, tarehe 3 Novemba 1919. Baba yake, Edward Kennedy, alikuwa kapiteni katika jeshi la majini la Kiingereza. Kijana alisoma katika shule ya Eton, halafu akaingia Chuo Kikuu cha Oxford. Kwa hiyo hakuwa mtoto wa maskini, wala hakukosa elimu. Lakini nyumbani kwao kulikuwa na jeraha ambalo halikuonekana kwa wageni.

Katika mwaka wa 1921 Uingereza ilikuwa na mgomo mkubwa wa wachimba makaa ya mawe, na Serikali ikawaita kazini askari wa akiba wa jeshi la majini. Baadhi yao waliokuwa chini ya Kapiteni Kennedy wakakataa amri. Yeye akazungumza nao badala ya kuwatumilia nguvu. Kwa ajili ya jambo hilo alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, akapewa karipio kali, na baada ya muda si mrefu akastaafu mapema kuliko alivyotazamia. Mwanawe alikuja kuamini kwamba baba yake hakutendewa haki. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba huenda kisa hicho ndicho kilichomfanya asiweze kuvumilia kuona mtu akilaumiwa kwa kosa ambalo halikuthibitishwa sawasawa.

MELI YA ABIRIA NA MANOWARI MBILI

Vita vilipoanza mwezi wa Septemba 1939, Kapiteni Kennedy alikuwa na umri wa miaka 60. Jeshi lilimwita tena, naye akaitika. Akapewa meli iitwayo Rawalpindi, ambayo hapo kwanza ilikuwa meli ya abiria ya kampuni ya P&O, ikisafiri kwenda India na Mashariki ya Mbali. Ilitiwa mizinga 8 ya zamani, ya inchi 6, ikatumwa kulinda doria katika bahari ya kaskazini, karibu na Iceland.

Tarehe 23 Novemba 1939 Rawalpindi ilikutana na manowari mbili kubwa za Kijerumani, Scharnhorst na Gneisenau. Kila moja ilikuwa na mizinga 9 ya inchi 11 na ngozi nene ya chuma. Rawalpindi ilikuwa na ubavu mwembamba wa meli ya abiria. Wajerumani walimwamuru Kapiteni Kennedy asimamishe chombo. Yeye akapeleka habari kwa simu ya upepo, ili wakubwa wake wajue mahali adui alipo, kisha akaamuru mizinga yake ipigwe. Mapigano hayakuzidi saa moja. Meli ilishika moto, ikazama, na watu zaidi ya 200 wakafa pamoja na kapiteni wao.

Wakati huo Ludovic alikuwa ametimiza miaka 20 wiki tatu tu zilizopita, naye alikuwa amekwisha kuingia katika jeshi la majini. Habari za baba yake zilitangazwa katika magazeti yote ya Uingereza, na jina la mzee aliyekaripiwa mwaka wa 1921 sasa likatajwa kwa heshima. Mtoto alifurahi kwa heshima hiyo, lakini hakusahau kwamba watu wale wale wanaweza kumdharau mtu leo na kumsifu kesho, hali yeye ni yule yule.

KATIKA MANOWARI TARTAR

Ludovic Kennedy aliwekwa afisa kijana katika manowari ndogo iendayo kasi iitwayo Tartar. Ilikuwa moja ya kundi la manowari zilizopewa majina ya makabila ya ulimwengu. Ndiyo maana dada zake walikuwa na majina ambayo msomaji wa Afrika atayatambua mara moja: Somali, Mashona, Matabele, Ashanti na Zulu.

Mwezi wa Mei 1941 manowari kubwa ya Kijerumani, Bismarck, ilitoka bandarini ili kuzishambulia meli za biashara katika Bahari ya Atlantiki. Urefu wake ulipita mita 250, na mizinga yake 8 ilikuwa ya inchi 15. Tarehe 24 Mei iliipiga manowari ya Kiingereza Hood, nayo ikapasuka na kuzama katika muda wa dakika chache. Katika hiyo walikuwamo watu 1,418, na waliookoka ni 3 tu.

Basi Waingereza wakaifuata Bismarck kwa kila chombo walichoweza kukusanya. Tartar, pamoja na Somali na Mashona, ilikuwa ikifuatana na manowari kubwa Rodney, nayo ikaingia katika msako huo. Kwa muda adui alipotea kabisa katika mawingu na mawimbi. Alipoonekana tena, ndege ndogo zilizoruka kutoka manowari Ark Royal zilimpiga jioni ya tarehe 26 Mei. Torpido moja iliharibu usukani wake, hata Bismarck ikawa inazunguka tu wala haiwezi kukimbilia pwani ya Ufaransa. Asubuhi ya tarehe 27 Mei, Rodney na King George V ziliikaribia na kuipiga mpaka mizinga yake ikanyamaza, nayo ikazama. Katika watu zaidi ya 2,200 waliokuwamo, waliookolewa hawakufika 120.

Kennedy aliyaona mapigano hayo kwa macho yake. Aliona ushindi, lakini aliona pia mabaharia wa adui wakiangamia katika chombo kilichokuwa tanuru la moto, na huruma ikamshika. Siku iliyofuata, zamu ikawa ya upande wake. Tartar na Mashona zilikuwa zikirudi nyumbani kwa sababu mafuta yalikuwa yakipungua, ndipo ndege za Kijerumani zilipozishambulia karibu na Ireland. Mashona ikapigwa ikazama, na Tartar ikasaidia kuwaokoa waliosalia.

Kazi ya afisa wa zamu baharini humfundisha mtu mambo ambayo hayasahauliki. Afisa huyo hukaa macho usiku, hutazama kwa darubini, na huandika katika daftari la chombo saa, mwendo, hali ya upepo na kila kilichoonekana. Haandiki alichotamani kukiona. Akiandika uongo, au akiandika kwa kukisia, chombo kizima huweza kupotea. Ndiyo desturi ambayo Kennedy aliichukua pamoja naye aliposhuka pwani, ingawa yeye mwenyewe hakujua bado itamfaa wapi.

KUINGIA KATIKA KAZI YA HABARI

Alianza kuandika vita vikali bado. Katika mwaka wa 1942 kilitolewa kitabu chake kidogo juu ya maisha ya afisa kijana baharini. Baada ya vita alimaliza masomo yake Oxford, akaandika vitabu vya historia ya jeshi la majini, akafanya kazi katika redio. Mwezi wa Februari 1950 alimwoa Moira Shearer, mcheza ngoma maarufu wa jukwaani aliyejulikana pia kwa filamu.

Katika mwaka wa 1955 televisheni ya kibiashara ilianzishwa Uingereza, na mwaka uliofuata Kennedy akawa mmoja wa wasomaji wa habari katika shirika la ITN. Hapo zamani msomaji wa habari alikuwa kama tarumbeta tu, hupulizwa na mwingine. ITN ilitaka wasomaji ambao wenyewe ni waandishi, wanaofahamu wanachokisema na wanaoweza kumwuliza mkubwa swali kwa adabu bila kuogopa. Baadaye alifanya kazi katika BBC, katika kipindi mashuhuri cha Panorama.

Alijaribu siasa pia. Mwezi wa Februari 1958 alisimama kuwa mjumbe wa Bunge kwa chama cha Liberal katika mji wa Rochdale. Ulikuwa uchaguzi mdogo wa kwanza wa Uingereza kufuatwa na televisheni. Hakushinda, lakini alikuwa wa pili, akikitangulia chama kilichokuwa kikitawala. Alisimama tena mwaka wa 1959, akashindwa tena. Pengine kushindwa huko kulikuwa faida kwa watu ambao hawakumjua bado, maana alibaki na wakati na uhuru wa kufanya kazi iliyomngoja.

NYUMBA NAMBA 10, RILLINGTON PLACE

Hapa tunafika mahali penye uzito wa somo letu. Yafaa msomaji asome polepole, kwa kuwa kila jambo lina maana.

Katika mtaa wa Notting Hill, London, palikuwa na nyumba ya zamani yenye wapangaji kadha wa kadha. Orofa ya chini alikaa John Christie pamoja na mkewe. Christie alikuwa askari polisi wa muda wakati wa vita. Orofa ya juu alikuja kukaa, katika mwaka wa 1948, kijana wa Wales aitwaye Timothy Evans, pamoja na mkewe Beryl; mtoto wao Geraldine alizaliwa baadaye mwaka huo huo. Evans alikuwa dereva wa gari la mizigo. Hakujua kusoma sawasawa, na tena alizoea kusema maneno ya kujikuza yasiyo na ukweli.

Mwezi wa Novemba 1949 Beryl na mtoto wakatoweka. Evans akauza vyombo vya nyumba akaenda kwao Wales. Tarehe 30 Novemba alijipeleka mwenyewe kwa polisi wa huko, akasema kwamba mkewe amekufa na kwamba yeye amemtia katika mfereji wa maji machafu mbele ya nyumba. Polisi wa London walipokwenda kufunua mfereji, ilihitaji watu watatu kuinua mfuniko, na ndani hamkuwa na kitu. Ndipo Evans akabadili maneno. Akasema kwamba Beryl alikuwa na mimba asiyoitaka, na kwamba Christie alijitolea kumwondolea. Beryl akafa mikononi mwa Christie. Akasema pia kwamba Christie alimwahidi kumpeleka mtoto kwa watu wa kumlea.

Tarehe 2 Desemba polisi waliipata miili ya mama na mtoto katika chumba cha kufulia nguo uani. Wote wawili walikuwa wamekabwa koo. Evans akaletwa London, akaambiwa habari hizo, na usiku ule akakiri kwamba yeye ndiye aliyewaua wote wawili. Baadaye alikana tena, akarudia kusema kwamba mwuaji ni Christie. Lakini maneno ya kukiri yalikuwa yamekwisha kuandikwa.

Mwezi wa Januari 1950 alihukumiwa katika mahakama kuu ya London kwa kosa la kumwua mtoto wake, mwenye umri wa miezi 13. Shahidi mkubwa wa Serikali alikuwa Christie mwenyewe. Alisema kwa utulivu na kwa sauti ya chini, mtu mzima aliyewahi kuvaa sare ya polisi. Kweli alikuwa na makosa ya zamani, nayo yalitajwa mbele ya mahakama. Lakini watu 12 walioapishwa kusikiliza shauri walimsadiki yeye, wala hawakumsadiki Evans, aliyekuwa amekwisha kusema maneno ya namna nyingi. Walitumia dakika 40 tu kukata shauri. Tarehe 9 Machi 1950 Timothy Evans alinyongwa. Umri wake ulikuwa miaka 25.

Miaka mitatu ikapita. Mwezi wa Machi 1953 Christie alihama nyumba ile. Mpangaji mmoja aliyetoka Jamaica alikuwa akitafuta mahali pa kutundika redio yake ukutani jikoni, akagonga akasikia ukuta una uwazi. Alipobandua karatasi ya ukutani aliona maiti. Katika shubaka lile mlikuwa na miili ya wanawake watatu. Chini ya sakafu ulikuwamo mwili wa mke wa Christie, na bustanini ilikuwamo mifupa ya wanawake wengine wawili, waliouawa wakati wa vita, yaani kabla Evans hajahamia nyumba hiyo. Hata mfupa mmoja wa paja ulikuwa umesimamishwa bustanini kushikilia mimea, na polisi waliopekua mwaka wa 1949 hawakuutambua. Christie alikiri pia kwamba alimwua Beryl Evans. Alinyongwa tarehe 15 Julai 1953, katika gereza lile lile na kwa mkono wa mnyongaji yule yule.

Serikali iliamuru uchunguzi ufanywe upesi. Kwa muda wa siku chache tu uchunguzi ukamalizika, na majibu yakawa kwamba Evans alikuwa na hatia hata hivyo. Yaani watu walitakiwa kusadiki kwamba katika nyumba moja ndogo waliishi wauaji wawili kwa wakati mmoja, wote wawili wakiua kwa kukaba koo na kuficha maiti pale pale, na kwamba mmoja, kwa bahati tu, alimtaja mwenzake.

KITABU CHA MWAKA WA 1961

Kennedy alikuwa amekwisha kusumbuka moyoni kwa sababu ya shauri jingine. Mwezi wa Januari 1953 kijana wa miaka 19 aitwaye Derek Bentley alinyongwa kwa kifo cha askari polisi aliyepigwa risasi na mwenzake, hali Bentley mwenyewe alikuwa amekwisha kukamatwa wakati risasi ile ilipopigwa. Kennedy aliandika mchezo wa jukwaani juu ya kisa cha namna hiyo, ukachezwa London mwaka wa 1954. Lakini mchezo huweza kusikitisha watu bila kubadili neno lolote katika kumbukumbu za mahakama. Kwa shauri la Evans aliona kwamba machozi hayatoshi. Lazima ushahidi wenyewe upimwe.

Wengine walikuwa wamemtangulia katika kulitetea jina la Evans, wakiwamo wanasheria na waandishi, na mamaye Evans hakuchoka. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Kennedy alikusanya yote, akasoma kumbukumbu za mahakama na maelezo ya polisi, akazungumza na watu waliohusika, akayapanga mambo yote siku kwa siku na saa kwa saa, kama afisa wa zamu apangavyo daftari lake. Kitabu chake, Ten Rillington Place, kilitolewa mwaka wa 1961. Hoja zake kubwa zaweza kuelezwa hivi:

Kwanza, maneno ya kukiri. Kennedy alionyesha kwamba Evans aliyasema baada ya kuambiwa na polisi mahali miili ilipopatikana na jinsi ilivyouawa. Mtu akiambiwa jambo, kisha akalirudia, huo si ushahidi kwamba alilijua tangu mwanzo. Tena alikuwa mtu dhaifu wa akili za kitabu, amechoka, amefiwa, na saa ile ndipo aliposikia kwamba hata mtoto wake amekufa.

Pili, mafundi. Walikuwako mafundi waliotengeneza chumba kile cha kufulia katika siku zile zile za Novemba. Maelezo yao ya kwanza yalionyesha kwamba hawakuona maiti humo siku ambazo, kwa maneno ya Evans ya kukiri, zilipaswa kuwamo. Maelezo hayo hayakuwasaidia watetezi wa Evans mahakamani.

Tatu, shahidi. Mahakama ilimpima Christie kwa sura na sauti yake. Mambo ya mwaka wa 1953 yalionyesha kwamba shahidi yule alikuwa na sababu kubwa kuliko mtu yeyote ya kutaka Evans apatikane na hatia.

Nne, wingi wa mambo yaliyokutana. Jambo moja la ajabu huweza kutokea kwa bahati. Mambo sita ya ajabu yakitokea pamoja, ni lazima mwenye akili atafute sababu moja inayoyaeleza yote.

Msomaji aangalie kwamba Kennedy hakuwatukana polisi wala majaji. Aliwaeleza kuwa watu waliokwisha kuamua mapema, kisha wakatafuta yale tu yaliyokubaliana na uamuzi wao. Hatari ya namna hiyo si ya polisi peke yao. Humpata mzee wa kijiji anapokata shauri la mpaka wa shamba, humpata mwalimu darasani, na humpata mwandishi wa habari pia.

MATOKEO YAKE

Kitabu kilisomwa na watu wengi, nao wakaanza kuuliza. Hata aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwaka wa 1950, Chuter Ede, ambaye alikataa kuizuia hukumu ya Evans, alikuwa amekwisha kusema hadharani kwamba hukumu ile ilikuwa kosa. Mwaka wa 1965 Serikali iliamuru uchunguzi mpya chini ya Jaji Brabin, na mwaka huo huo mwili wa Evans uliondolewa gerezani ukazikwa katika makaburi ya Kikatoliki.

Ripoti ya Brabin ilitolewa mwaka wa 1966, nayo ilikuwa ya kushangaza. Jaji alisema kwamba yaelekea Evans alimwua mkewe, lakini yaelekea hakumwua mtoto. Na kwa kuwa alinyongwa kwa ajili ya mtoto tu, mwezi wa Oktoba 1966 akapewa msamaha wa Malkia, miaka 16 baada ya kufa. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 2004, majaji wa Mahakama Kuu walikubali kwamba Evans hakumwua mtoto wala mkewe. Hivyo jambo alilolisema dereva asiyejua kusoma lilikubaliwa na majaji baada ya miaka 54.

Katika mwaka wa 1965 Bunge la Uingereza liliondoa hukumu ya kifo kwa kosa la uuaji kwa muda wa miaka 5, na mwishoni mwa mwaka wa 1969 likaiondoa kabisa. Si kweli kusema kwamba Kennedy peke yake ndiye aliyeleta mabadiliko hayo. Wengi walishindania jambo hilo kwa miaka mingi. Lakini katika mabishano hayo jina la Evans lilitajwa mara kwa mara, kwa kuwa hapakuwa na jibu rahisi. Maji yakimwagika hayazoleki. Aliyefungwa kwa makosa huweza kufunguliwa na kulipwa fidia. Aliyenyongwa hupewa karatasi tu. Derek Bentley naye alifutiwa hatia mwaka wa 1998, akiwa kaburini miaka 45.

MASHAURI MENGINE

Baada ya hapo watu waliofungwa, na jamaa zao, walimwandikia Kennedy kutoka pande nyingi. Hakuyashika mashauri yote. Aliyoyashika aliyafuata kwa miaka.

Patrick Meehan wa Scotland alifungwa mwaka wa 1969 kwa uuaji. Alikuwa mwizi aliyejulikana, na kwa hiyo wachache walimhurumia. Kennedy alisema kwamba mwizi naye ana haki ya kutohukumiwa kwa kosa la mtu mwingine. Aliandika kitabu na kushirikiana na wengine katika kumtetea, na mwaka wa 1976 Meehan akapewa msamaha na kutolewa, akiwa amekaa kifungoni karibu miaka 7. Hali kadhalika aliwatetea watu wawili, Cooper na McMahon, waliofungwa kwa uuaji uliotokea Luton mwaka wa 1969. Walitolewa mwaka wa 1980, na hatia yao ikafutwa mwaka wa 2003, wote wawili wakiwa wamekwisha kufa.

Hakukubaliwa na watu katika kila jambo. Kitabu chake cha mwaka wa 1985 juu ya Bruno Hauptmann, aliyeuawa kwa hukumu Marekani mwaka wa 1936 kwa ajili ya mtoto wa rubani Lindbergh, kinabishaniwa hata sasa. Vilevile wanasheria wengi walimpinga aliposema kwamba Uingereza ingefaa kuacha desturi yake ya mawakili wawili kushindana mbele ya jaji, na kufuata ile ya Ufaransa, ambako jaji mwenyewe huchunguza. Lakini hata waliompinga walipaswa kujibu kwa ushahidi, maana yeye aliuleta ushahidi.

Bahari nayo hakuiacha. Mwaka wa 1974 alitoa kitabu juu ya kufukuzwa na kuzama kwa Bismarck, akisimulia habari za pande zote mbili, kwa kuwa aliona kwamba hadithi ya vita isiyo na adui ndani yake ni nusu ya hadithi. Mwaka wa 1994 alipewa cheo cha heshima akaitwa Sir Ludovic. Alifariki dunia tarehe 18 Oktoba 2009, akikaribia miaka 90.

MAFUNZO YATOKAYO KATIKA MAISHA YAKE

Yako mambo matatu ambayo kila asomaye gazeti, na zaidi kila aandikaye, aweza kuyachukua.

La kwanza ni hili: neno likitiwa muhuri halibadiliki kuwa kweli kwa sababu ya muhuri. Shauri la Evans lilipita mikononi mwa polisi, jaji, watu 12 walioapishwa, mahakama ya rufani, waziri na uchunguzi wa Serikali, na wote wakapotea njia moja, kwa sababu kila mmoja alimtegemea aliyemtangulia.

La pili, kuuliza si uasi. Kennedy alikuwa mtoto wa afisa aliyekufa akitii amri, naye mwenyewe alivaa sare miaka yote ya vita. Aliipenda nchi yake. Kwa sababu hiyo hiyo hakutaka nchi yake iwe na damu ya asiye na hatia mikononi mwake.

La tatu, subira. Kutoka kunyongwa kwa Evans mpaka kitabu ni miaka 11. Kutoka kitabu mpaka msamaha ni miaka 5. Mwandishi atakaye sifa za kesho asubuhi hataweza kazi hiyo. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata huijua kwa kuteremka mpaka chini.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASOMAJI

1. Kwa nini watu 12 walioapishwa walimsadiki Christie kuliko Evans? Je, sababu zao zilikuwa ushahidi?
2. Taja hoja nne za Kennedy. Ipi ina nguvu zaidi, na kwa sababu gani?
3. Je, mtu aliyekiri kosa aweza kuwa hana hatia? Eleza jinsi jambo hilo linavyoweza kutokea.
4. Meehan alikuwa mwizi. Je, ilifaa atetewe? Kila mmoja atoe maoni yake, na wenzake wamsikilize mpaka mwisho.